Hongo ya Mangi na Kahawa ya Shangazi

Sikilizeni, wajukuu. Kisa hiki kinaanzia Machame, masika ya mwaka 1849, na mtu wake wa kwanza ni Mjerumani aliyeishiwa mali yote kwa kutozwa njiani.

Jina lake Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akiishi Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka uliotangulia, tarehe 11 Mei 1848, aliuona mlima wetu wa Kilimanjaro kwa mara ya kwanza akaandika kwamba kileleni pana theluji. Wasomi wa London wakambishia kwa miaka mingi: theluji itakaaje karibu na ikweta? Lakini safari hii ya 1849 hakuja kutazama theluji. Alitaka kupita tu, avuke nchi ya Wachaga aende zake hadi Unyamwezi. Wapagazi wake walijitwika vitambaa na shanga, maana ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Kwa shanga ulinunua ndizi na maharage, kwa kitambaa ulipata kibali cha kupita na mtu wa kukuonyesha njia.

Machame ilikuwa chini ya Mangi Mamkinga; mangi ni mtawala wa Kichaga. Mangi alimpokea mgeni, akampa mahali pa kukaa. Kisha akaanza kutaka. Leo kitambaa, kesho shanga, keshokutwa kitambaa kingine. Rebmann hakuweza kukataa, kwa sababu hakuna mpagazi aliyethubutu kusonga mbele bila ruhusa ya Mangi. Siku zilivyozidi kwenda ndivyo mzigo ulivyozidi kupungua, mpaka mali iliyokusudiwa kumfikisha Unyamwezi ikaishia pale pale Machame. Akarudi Rabai mikono mitupu.

Malipo hayo yaliitwa hongo. Msiichanganye na hongo ya siku hizi, ile anayopewa mtu kwa siri chini ya meza. Hongo ya misafara ililipwa mchana kweupe, mbele ya watu, na kila mfanyabiashara aliyetoka pwani alijua kwamba ataitoa Taveta, ataitoa Kilema, ataitoa Moshi na Machame. Na mimi simlaumu Mangi kwa kutoza. Msafara ulilala katika nchi yake, ulikunywa maji ya mifongo, yaani mifereji, iliyochimbwa na watu wake, ulikula ndizi za vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na kulindwa na vijana wao. Mwenye nchi alikuwa na haki ya kudai fungu lake.

Ninalomlaumu ni kwamba fungu hilo halikuwa na kipimo. Rebmann hakujua asubuhi atatozwa nini ifikapo jioni. Angejua mapema kwamba Machame ni vitambaa kadhaa na mkufu wa shanga, angepiga hesabu yake, akalipa, akapita. Shikeni jambo hilo, maana ndilo nitakalolifuata hadi mwisho.

Mali ile ya Rebmann, kabla haijaonwa na Mangi yeyote, ilikuwa ya aina iliyokwisha kutozwa pwani. Vitambaa na shanga vilikuja kwa jahazi na meli kutoka ng'ambo, na kwenye bandari za Sultani wa Zanzibar palikuwa na forodha. Sultani Seyyid Said hakusimama bandarini mwenyewe kuhesabu marobota. Alikodisha kazi hiyo kwa matajiri: wao walimlipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha wakakusanya ushuru na kubaki na ziada. Aliyejulikana kuliko wote ni Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch. Mwaka 1833 Sultani aliwekeana mkataba na Marekani, na humo kiwango kikaandikwa: asilimia 5 ya mali iliyoshushwa na meli za Kimarekani. Asilimia 5, basi. Nahodha aliyeng'oa nanga Marekani aliweza kupiga hesabu kabla hajaiona pwani ya Zanzibar. Hapo mnaona tofauti ya forodha ya bandarini na hongo ya njiani.

Karibu miaka 40 baada ya Rebmann, Wajerumani walirudi, na mara hii hawakubeba shanga za kuombea njia. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa Ulaya zikachora mstari kwenye ramani. Ulianzia mdomo wa mto Umba pwani, ukaja hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Mlima ukabaki upande wa Wajerumani, Taveta ikabaki upande wa Waingereza. Mtasikia watu wakisema kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli. Ulikatwa kwa majadiliano ya wanadiplomasia, na mwaka huo wa 1886 mjukuu huyo alikuwa bado hajawa Kaisari wa Ujerumani.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa alikubali kuikodisha forodha ya pwani yetu kwa kampuni ya Wajerumani. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni walifika Pangani, wakapandisha bendera yao, wakataka kukusanya ushuru na kuamrisha watu mjini. Pangani ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya huku kwetu: pembe za ndovu za Uchagani na Umasaini ziliteremka kwa njia hiyo. Watu wa Pangani walikuwa wamezoea kulipa ushuru. Walichokataa ni kumlipa mtu aliyeingia bila kuwauliza na kuwadharau katika mji wao. Wakainuka chini ya Abushiri bin Salim, na vita ikaenea pwani nzima. Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi, na mnamo Desemba 1889 Abushiri akanyongwa pale pale Pangani. Kampuni nayo haikudumu. Kuanzia Januari 1891 serikali ya Ujerumani yenyewe ikashika utawala. Mkiwa darasani mkasikia habari za vita vya Abushiri, kumbukeni kwamba jambo moja lililoviwasha lilikuwa nani mwenye haki ya kukaa mlangoni na kupokea ushuru.

Ule mstari wa 1886 nao ulizaa milango yake. Mlango ulio karibu nasi ni Holili, njiani kwenda Taveta, na mwingine uko Tarakea kule Rombo. Ndugu waliokuwa wakienda sokoni Taveta kwa miguu, bila kuuliza mtu, wakajikuta wanavuka nchi. Kuna wakati mlango ulifungwa kabisa: Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Biashara haikufa. Ilihamia njia za panya, ikawa magendo. Mlango ukizibwa bila sababu inayoeleweka na watu, watu hutoboa ukuta, na hasara inakuwa ya wote.

Jumuiya ilipofufuliwa, nchi zake zilitia saini Arusha, Machi 2004, itifaki ya umoja wa forodha, nao ukaanza kazi Januari 2005. Maana yake ni hii: kitu kilicholimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, kikiwa na cheti cha asili, hakitozwi ushuru wa forodha kikivuka kwenda nchi mwanachama nyingine. Mama anayepeleka vitunguu Taveta, ikiwa thamani ya mzigo wake haizidi dola 2,000 za Marekani, ana cheti chake chepesi kinachojazwa pale pale mpakani. Wako akina mama wengi ambao hawakijui cheti hicho, na kwa kutokukijua huzunguka porini usiku na mzigo kichwani. Mkiwa na mama au shangazi anayefanya biashara hiyo, mwambieni.

Sasa tumtunge shangazi mwingine, huyu anaishi Hamburg. Amezaliwa Kibosho, amesomea uuguzi, anafanya kazi huko, na kila asubuhi anaitamani kahawa ya kihamba cha nyumbani. Nyumbani wako tayari kumpelekea. Je, Wajerumani wataitoza?

Wajerumani na ushuru wa kahawa wana historia ndefu. Mfalme Friedrich II wa Prussia, mwaka 1781, aliifanya kazi ya kukaanga kahawa kuwa haki ya serikali. Fedha za nchi yake zilikuwa zinakwenda ng'ambo kununua buni, naye alitaka watu wake wanywe bia kama wazee wao. Ili kuwakamata wanaokaanga kwa siri majumbani, aliajiri askari wa zamani wapite mitaani wakinusa. Ndiyo, wakinusa! Harufu ya kahawa ikitoka dirishani, wanabisha hodi. Watu waliwachukia mno, na mfalme alipokufa kazi hiyo ikafutwa.

Wanusaji wameondoka lakini kodi ya kahawa ipo hadi leo. Kahawa iliyokaangwa hulipiwa yuro 2.19 kwa kila kilo, na ile ya unga wa kukoroga papo hapo yuro 4.78 kwa kilo. Kwa mwaka serikali ya Ujerumani hukusanya kiasi cha yuro bilioni moja kwa kodi hiyo peke yake. Anayeikusanya ni Zoll, ndiyo idara yao ya forodha.

Tuanze na bibi wa Kibosho, mama yake shangazi. Ameikaanga kahawa yake mwenyewe, ameisaga, ameifunga vizuri, nusu kilo. Anampelekea mwanawe kama zawadi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema zawadi kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, isiyolipiwa, yenye thamani isiyozidi yuro 45, hupita bila kutozwa kitu. Kwa kahawa kuna kikomo cha ziada: gramu 500. Bibi amefika kwenye mstari na hajauvuka. Shangazi atapokea kifurushi chake na hatalipa hata senti.

Sasa shangazi amenogewa. Amewasimulia wauguzi wenzake, nao wanataka. Anaagiza kilo 5 za kahawa iliyokaangwa kutoka kwa mkaangaji mmoja hapa Moshi mjini. Tuseme kahawa ni yuro 75 na kuisafirisha ni yuro 65. Hii si zawadi tena, ni bidhaa iliyonunuliwa, hata kama aliyeiuza ni binamu yake. Chukueni kalamu. Kilo 5 mara yuro 2.19 ni yuro 10.95, hiyo ndiyo kodi ya kahawa. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kahawa huko ni asilimia 7 badala ya 19 ya kawaida. Haipigwi kwenye bei ya kahawa peke yake. Unajumlisha 75 ya kahawa, 65 ya nauli na 10.95 ya kodi ya kahawa, unapata 150.95, na asilimia 7 ya hiyo ni yuro 10.57. Jumla shangazi atadaiwa yuro 21.52, na kampuni iliyoleta mzigo itaongeza ada yake kwa kushughulikia karatasi.

Shangazi atalalamika, na mimi namwelewa. Lakini asiseme wanamwonea kwa kuwa kahawa ni ya Afrika. Kahawa iliyokaangwa pale pale Hamburg inalipa yuro 2.19 hizo hizo kwa kilo inapotoka kiwandani. Anayelipa mwishowe ni mnywaji. Wala hajatozwa ushuru wa forodha wenyewe. Kahawa iliyokaangwa kutoka nchi nyingine nyingi hutozwa asilimia 7.5 ikiingia Ulaya, lakini Tanzania imo katika mpango ulioanza mwaka 2001 unaoziruhusu nchi maskini zaidi kuuza huko karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, mradi uthibitisho wa asili uwepo.

Hapa nataka mtulie kidogo, kwa sababu jambo hili linanigusa. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga wakaunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa kile tunachokijua wote, KNCU, ambacho jengo lake bado limesimama katikati ya mji. Tangu siku hizo hadi leo, kahawa yetu nyingi inaondoka ikiwa mbichi, ndani ya magunia, inakwenda kukaangwa na kufungwa kwenye pakiti nzuri kwa watu wengine. Wengi husema ni kwa sababu Ulaya imetufungia mlango kwa ushuru. Mmeona hesabu wenyewe: kwa Tanzania mlango huo uko wazi zaidi ya miaka 20. Tunachokosa ni mashine, mitaji, usafiri wa bei nafuu na jina linalojulikana kwa mnunuzi wa Hamburg. Bukoba wamekuwa wakitengeneza kahawa ya unga kwa miaka mingi katika kiwanda cha TANICA, kwa hiyo kazi hiyo haitushindi. Ninyi ndio mtakaoifanya, na mtaifanya vizuri zaidi mkijua ushuru uko wapi na hauko wapi.

Turudi kwenye kifurushi. Ukikipeleka posta unapewa fomu ya tamko la forodha, CN22 kwa kifurushi kidogo na CN23 kwa kikubwa. Ina visanduku vya kuweka alama: zawadi, nyaraka, sampuli, bidhaa. Chini yake kuna safu za kueleza kilichomo, uzito na thamani. Watu wengi huandika “vitu mbalimbali” na kuacha thamani wazi. Huko ni kumwambia ofisa wa forodha: fungua uone. Andika “kahawa iliyosagwa, gramu 500, zawadi, thamani yuro 8”, na ofisa ana kila anachohitaji. Wala usiandike zawadi pale palipouzwa kitu, kwa sababu risiti ya malipo ikionekana, mpokeaji ndiye atakayeulizwa.

Vyakula vina sheria zake pia. Nyama na maziwa havikubaliwi kwenye vifurushi vya watu binafsi kuingia Umoja wa Ulaya, hata nyama iwe imekaushwa vizuri namna gani. Matunda karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea. Yamesamehewa matunda matano tu: nanasi, nazi, tende, duriani, na lile litakalowafurahisha watu wa mlimani, ndizi. Kwa hiyo shangazi akija likizo anaweza kurudi na ndizi zake za mtori kwenye begi bila kutafuta cheti hicho. Nyama ya kupikia mtori huo atainunua Hamburg.

Na shangazi mwenyewe akiwa huko akaagiza kitu kutoka Marekani au China, habari ni ile ile. Zamani vifurushi vya thamani isiyozidi yuro 22 vilipita bila kodi ya ongezeko la thamani. Tangu 1 Julai 2021 msamaha huo umeondolewa, na bidhaa ya bei ndogo kabisa nayo inahesabiwa.

Je, upande wa pili, shangazi akiwaletea ninyi kitu? Kinapita kwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996. Viwango vya forodha tunavyovitumia ni vya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki: malighafi na mitambo asilimia 0, bidhaa za katikati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna kundi la asilimia 35 kwa vitu ambavyo viwanda vyetu vinaweza kuvitengeneza. Vitabu viko kwenye 0. Kwa kawaida thamani inayohesabiwa ni bei ya kitu pamoja na bima na nauli ya kukileta, si bei ya dukani peke yake. Hapo ndipo watu wengi hushtuka.

Tuseme kitu kiko kwenye kundi la asilimia 25, na pamoja na nauli kimefika shilingi 100,000. Ushuru ni 25,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, nayo inapigwa kwenye 125,000, yaani 22,500. Tayari ni shilingi 47,500, kabla ya tozo ndogo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanza mwaka 2015. Ni nyingi kwa mtoto aliyeletewa kitu, na mzazi anayejua hesabu hii mapema atamwambia shangazi alete vitabu.

Mamkinga hakuwa na cha kumwandikia Rebmann. Ninyi mnaishi wakati ambao kila kiwango kimeandikwa na kila shilingi ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Basi siku mtakapoitwa kuchukua mzigo wenu wa kwanza, ombeni kuonyeshwa hesabu yote, mpige wenyewe kwa kalamu, na msimpe mtu yeyote fedha mkononi. Lipeni kwa namba, na risiti muitunze.